Jumamosi, Baada ya Kufunga Duka

Wodi yenyewe ilikuwa darasa. Ubaoni zilibaki hesabu za kugawanya ambazo vita viliwaokoa wanafunzi wasizimalize, na pembeni yake muuguzi aliandika kwa chaki saa za kuwageuza wagonjwa, ubavu huu, ubavu ule. Mashine ya kupiga picha ya kichwa ilikuwa mji mwingine, ng'ambo ya vizuizi vitano vya wenye bunduki. Mtu akiletwa kapooza upande mmoja, daktari hakuwa na njia ya kujua kama mshipa umeziba au umepasuka.

Kitanda cha dirishani alilala kinyozi. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea, mdomo umekwenda upande, na maneno yote yamemtoroka, yeye ambaye zamani hakunyamaza hata wembe ukiwa kooni mwa mteja. Ndiye aliyemnyoa muuguzi siku ya kwanza ya shule, akayaona matuta ya kichwa chake na kumwita Kiazi. Jina likaganda. Hata cheti cha uuguzi hakikulibandua.

Shida ilikuwa moja: mzee hamezi. Mipira ya kulishia puani ilikwisha, na dripu zilibaki chupa mbili, yaani mpaka kesho asubuhi. Kiazi alimketisha wima, akampa kijiko cha maji. Mzee akakohoa mpaka machozi, maji yameshika njia ya mapafu. Alipomwomba ainamishe kidevu ili njia hiyo ijifunge, mzee alimtazama kama anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Alipomwonyesha, alitabasamu nusu. Alipokisukuma kidevu, shingo ilikaza.

Siku hiyo, ya tatu tangu mzee aletwe, joto la mwili wake likapanda. Kiazi aliinama kuokota shuka, akakuta chini ya kitanda kikombe cha chai, bado vuguvugu. Mke wa kinyozi, aliyekaa kando ya kitanda, akageukia dirisha, ghafla ana hamu kubwa ya kutazama uwanja. Kisha akakiri kuwa alikuwa akimnywesha kwa siri. Miaka arobaini mzee hajaanza siku bila chai ya mkono wake, na yeye aliona vibaya kumwacha akauke midomo mbele za watu.

Kiazi alitaka kufoka, akashindwa. Utamfokeaje mama aliyekuwa akikupa chai hiyohiyo kwenye benchi la kungojea zamu ya kunyolewa, miguu yako haijafika chini?

Benchi lile! Harufu ya spiriti na poda, wanaume wanabishana mpira, kinyozi anabishana nao wote peke yake. Watoto walikalishwa juu ya ubao uliolazwa kwenye mikono ya kiti. Shuka ilipigwa hewani, pwa, ikafungwa shingoni, na kabla hujaambiwa neno vidole viwili viligonga kisogo. Kidevu kifuani. Mpaka leo, ukiwagonga kisogo wanaume wa mtaa ule, wataisalimu mifuko ya mashati yao.

Kiazi akasimama wima.

"Mama, mzee mwenyewe alikuwa ananyolewa na nani?"

"Na mimi," alisema, kama aliyeulizwa mke wa mzee ni nani. "Kila Jumamosi, tukishafunga duka. Angemwamini nani, mwanangu?"

Kiazi akamweleza anachotaka. Mama alichukua shuka safi, akaipiga hewani, akamfunga mumewe shingoni bila haraka. Akagonga kisogo mara mbili. Kile kidevu kilichowashinda watu siku tatu kikashuka taratibu, kikatulia kifuani.

Kiazi alipeleka kijiko kidogo cha uji mzito, wa kung'ang'ania kijiko. Akaweka vidole kooni mwa mzee, akangoja. Koo likapanda. Likashuka. Akakitegea sikio kikohozi mpaka akasahau kuvuta pumzi yeye mwenyewe. Hakikuja.

"Tena," alisema mama.

Kijiko cha saba, Kiazi alimkabidhi mama kazi, akaenda kumwambia daktari juu ya homa, na kwamba chupa zile mbili zikiisha, mzee hatakauka. Njiani alijifuta macho kwa mkono wa koti, akasingizia vumbi, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Aliporudi bakuli lilikuwa limefika nusu. Mama alikuwa akimsimulia mzee nani kaoa, nani kahama, nani kanenepa ukimbizini, watu watatu watatu kwa kila kijiko. Mzee alisikiliza kidevu kikiwa kifuani, amefumba macho, kama mteja aliyesinzia kitini.

Kiazi alivuta kiti cha mwanafunzi, akakaa kungoja, kama zamani kwenye benchi.