Ishara ya Kwanza Haikubaliwi

Kocha Liang alisema neno lake Ijumaa jioni, mbele ya timu nzima, na alilisema taratibu ili Kasmir asije akasingizia kuwa hajui Kichina. "Jumapili unarusha wewe. Ukitikisa kichwa hata mara moja, nakutoa. Nikikutoa, mkataba hakuna."

Wenzake wakacheka. Kasmir naye akacheka, ila ya moyoni aliyajua mwenyewe.

Tuelewane kwanza. Katika besiboli mrushaji harushi tu anavyojisikia. Mdakaji anachuchumaa kule mbele, nyuma ya mpigaji, na katikati ya mapaja yake anaonyesha vidole. Kimoja ni mpira wa kasi ulionyooka, viwili ni wa kupinda, vitatu ni wa polepole, wa kumhadaa mtu. Mrushaji akiafiki, anaitikia kwa kichwa. Asipoafiki anatikisa, na mdakaji anachagua mwingine. Kukataa ni haki yake. Lakini Kasmir alikuwa akikataa kila ishara ya kwanza. Kila moja! Mpigaji awe hodari au goigoi, jua liwake au mvua inyeshe, kichwa kinatikisika kwanza, ndipo akubali ya pili au ya tatu, na mara nyingi hiyo ya tatu ilikuwa ileile ya kwanza. A-Qiang, mdakaji wake, mtu wa miaka thelathini na minne mwenye magoti yaliyochoka, alishamwambia, "Ndugu yangu, unanizeesha."

Ugonjwa huo hakuupata uwanjani. Aliupata Liuhua, hapohapo Guangzhou, kwenye masoko ya viatu vya jumla jirani na stesheni ya treni, na aliyemwambukiza ni shangazi yake Leokadia.

Kurusha kwenyewe Kasmir alianza akiwa sekondari, kwao Rombo, mwaka ambao mwalimu wa hesabu wa kujitolea kutoka Japani alishuka kwenye gari na begi la glovu badala ya vitabu. Mkono wake ulikuwa mkono kweli. Akaja Guangzhou kwa udhamini kusomea ujenzi wa barabara, akairushia timu ya chuo, na alipohitimu, klabu ya kulipwa ya Msufi Mwekundu ikamchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Miezi hiyo ilikuwa inakwisha Jumapili. Akipita, anakuwa mrushaji wa kulipwa, kibali cha kazi mkononi. Asipopita, viza inaisha mwisho wa mwezi, anarudi Rombo kutafuta barabara za kujenga. Ana miaka ishirini na saba, na mkono wa mrushaji haumsubiri mtu ajipange.

Sasa miaka yote hiyo, kila shangazi alipotua kutoka Moshi kununua viatu, Kasmir ndiye alikuwa mkalimani wake. Shangazi hajui Kichina zaidi ya "laoban", jina analomwitia kila mwenye duka, na "bu yao", sitaki. Hayo mawili yalimtosha. Laoban akitaja bei, shangazi anatikisa kichwa hata kabla ya kutafsiriwa. Akitaja ya pili, anatikisa tena huku ameshika mkoba, anaondoka. "Bei ya kwanza ni matusi, baba," humwambia Kasmir. "Ukiikubali umejitukana mwenyewe." Miaka sita, duka kwa duka, shingo mbili zikitikisika kwa pamoja. Utashangaa nini?

Jumamosi shangazi alikuwa mjini, na Kasmir akaona hapo ndipo pa kufanyia mazoezi. Kutwa nzima, akajiapiza, hatatikisa kichwa. Wakaingia duka la kwanza, viatu vya shule. Laoban akataja bei. Kasmir akaitikia kwa kichwa, kwa adabu kabisa, kama mtoto wa kipaimara.

Laoban akabaki mdomo wazi. Hawa watu anawajua. Akamtazama Kasmir, akamtazama shangazi, akahisi kuna mtego mahali, akapunguza bei mwenyewe bila kuombwa.

"Unaumwa wewe?" Shangazi akampapasa paji la uso. "Umekula nini?"

"Mimi mzima, shangazi."

"Mzima gani anakubali bei ya kwanza? Usinitie aibu, baba. Hawa wataambiana soko zima!"

Hakuweza kumweleza. Shangazi huyu ndiye aliyembembeleza baba yake mpaka akamruhusu kucheza huo aliouita mpira wa rungu. Sasa amwambie vipi kwamba elimu yake ya sokoni ndiyo inataka kumrudisha nyumbani? Akabeba maboksi.

Jumapili shangazi akaja uwanjani na akina mama watano wa Kitanzania wa mtaa wa Sanyuanli, kanga viunoni, pamoja na Didas, muuza vipuri vya simu, ambaye alikuwa amesoma sheria za mchezo kwenye simu yake ndani ya treni. Ilikuwa bahati yao kuwa naye. Mpinzani alipoupiga mpira wa kwanza ukapaa juu, akina mama walimshangilia kwa vigelegele mpaka mwenyewe akawapungia mkono, na ikabidi Didas awatulize mmoja mmoja.

Kule chini Kasmir alikuwa anaitikia tu. Kidole kimoja, ndiyo. Viwili, ndiyo. Mara ya kwanza A-Qiang hakuamini, akairudia ishara kuhakikisha kama ameonwa. Kocha Liang akakunja mikono, ametulia. Mambo yalikwenda vizuri kwa kila mtu isipokuwa kwa shangazi.

"Jamani, huyu mtoto wamemfanya nini?" akauliza. "Kila anachoambiwa anakubali!"

"Ndiyo kazi yenyewe, dada," Didas akasema.

"Kazi gani? Wanamwonea huyu!" Akasimama juu ya kiti. "Kataa, baba! Kataaa!"

Jukwaa zima likageuka kumtazama. Kasmir alimsikia vizuri sana, shingo ikamwasha, akajikaza, akaitikia.

Basi ikafika zamu ya mwisho. Msufi Mwekundu walikuwa mbele kwa pointi moja. Wapinzani walikuwa na watu wawili kwenye vituo, tayari kukimbilia kituo cha nyumbani kufunga pointi, na walibakiwa na mpigaji mmoja tu wa kutolewa. Mpigaji huyo alikuwa Zhao, nahodha wao, jitu la mabega. Safari hii alishaukosa mpira mara mbili. Akikosa mara ya tatu, mechi imekwisha. Akiupiga, wale wawili wanaingia, na Kasmir anafungasha mizigo.

A-Qiang akaonyesha kidole kimoja. Mpira wa kasi.

Kasmir akaanza kuitikia, kisha akamtazama Zhao usoni. Mchana kutwa jamaa alikuwa akitafuna ubani wa bazoka, taya halipumziki. Sasa lilikuwa limetulia. Mara mbili siku hiyo taya lilitulia hivyo, na mara zote mbili aliupiga mpira wa kasi hadi ukutani. A-Qiang alikuwa nyuma yake, asingeweza kuliona. Kasmir, aliyekesha miaka sita kwenye nyuso za wenye maduka, aliliona. Zhao hakuwa anabahatisha. Alikuwa anausubiri huohuo.

Kwa mara ya kwanza maishani, Kasmir aliogopa kutikisa kichwa. Akitii na ukapigwa, hakuna atakayemlaumu, ila mkataba hautapatikana. Akikataa, kocha keshasema.

Akatikisa.

A-Qiang akakodoa macho, akaonyesha kidole kilekile, safari hii kwa hasira. Kasmir akatikisa tena. Jukwaani shangazi akapiga kigelegele cha peke yake ambacho hata wapinzani walikigeukia. Kocha Liang akabamiza kofia chini, akatoka mbio kumwomba refa asimamishe mchezo, lakini refa alikuwa amekaza macho kwa mrushaji. A-Qiang akashusha vidole vitatu.

Kasmir akarusha kwa nguvu zote za mkono, kama anayetupa wa kasi, na mpira ukaja polepole, hauna haraka na mtu. Zhao akapiga mapema. Rungu likapita hewani, likamzungusha, likampigisha goti. Mpira ukafika baadaye, pap, ndani ya glovu ya A-Qiang.

Wenzake wakamrukia. Yeye akajitoa mikononi mwao, akaenda kwa kocha, kofia kaivua mwenyewe kaishika kwa mikono miwili. "Nimetikisa, kocha. Mara mbili."

"Nimeona. Kwa nini?"

"Aliacha kutafuna. Anapousubiri wa kasi huwa anaacha."

Kocha Liang akamtazama A-Qiang. A-Qiang, akijisugua goti, akasema, "Mimi huko nyuma naona matako yake tu."

"Miezi mitatu unakataa," kocha akasema, "na leo ndiyo siku ya kwanza unakataa kwa sababu. Kesho saa tatu asubuhi njoo usaini."

Kasmir alikuwa bado amesimama pale, hajui aanze kucheka au kulia, shangazi alipomfikia na jasho lake. "Umeona? Si nilikwambia ukatae?" Shangazi alikuwa tayari amewasha spika ya simu na kumpigia Bibiana, mama yake Kasmir, kule Rombo, ambako ilikuwa saa sita mchana na ndiyo kwanza ametoka kanisani.

"Mama, nimepita. Wamenichukua. Nabaki."

Vigelegele vikajaa simuni, virefu, kisha vikakatika ghafla.

"Kwa hiyo mwezi huu huji?"

"Siji, mama."

"Jana nimemaliza kupaka rangi chumba chako."

Shangazi akageuka kutazama uwanja.

"Rangi gani, mama?"

"Bluu." Akasikika akipenga kamasi. "Sasa nisikilize. Hicho chumba simpangishi mtu, hata ukikaa huko miaka kumi. Ila kama nimepaka mpaka mgongo umeniuma na wewe huji, basi usije ukaniletea habari za kutolewa. Rusha, mwanangu. Warushie mpaka wakome."