Kinanda cha Kubebeka Misibani

Rumiris alikuwa na miaka hamsini na minne alipoamua kujifunza kinanda, na maisha yake yote hakuwahi kugusa hata kibonyezo kimoja. Mpigaji alikuwa mumewe, Halomoan. Kijiji kizima kule milimani Humbang kilizikana na kuozana kwa mikono yake. Sasa alikuwa na miezi minane kaburini, na misiba iliyofuata iliimbwa bila kinanda. Kwenye msiba wa bibi mmoja, kila mtu alianzia sauti anayoijua mwenyewe, wimbo ukavunjika katikati, wafiwa wakabaki wanatazamana. Rumiris alirudi nyumbani siku hiyo akiwa ameshaamua.

Alishuka mjini Siantar na wifi yake, Tiambun, dada mkubwa wa marehemu, aliyekuja kutoka jiji la Medan makusudi kwa shughuli hiyo. Tiambun alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na hatua ndefu. Walipoingia dukani alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kinanda kirefu kuliko vyote, cha vibonyezo themanini na nane, akaweka mkoba wake juu yake kana kwamba ameshakinunua.

"Hiki hapa," alisema. "Kama kile nilichomletea kaka yako, yaani mumeo."

"Kaka yangu tangu lini?" Rumiris alisema, na wote wawili wakacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mwenye duka, Mzee Poltak, aliweka kikombe chake cha kahawa chini. "Nani atapiga?"

"Mimi," alisema Rumiris.

"Umewahi?"

"Sijawahi."

"Vizuri. Vidole visivyojua kitu havina cha kusahau."

Rumiris alinyoosha mkono kwenye kinanda kidogo kilichokuwa pembeni, chepesi kama sinia. Mzee alitikisa kichwa.

"Hicho hapana, Mama. Vibonyezo vyake vyembamba, ni vya watoto. Mkono utazoea hatua fupi, na siku ukikaa kwenye kinanda cha kweli utakuwa unajikwaa. Tazama hiki." Akavuta kimoja cha urefu wa kati. "Sitini na kimoja, na upana wake ni ule ule wa kile kikubwa." Alifungua kitabu cha nyimbo, akabonyeza chini upande wa kushoto. "Sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, haishuki zaidi ya hapa." Akabonyeza kulia. "Ya kwanza haipandi zaidi ya hapa. Nyimbo zetu zote zinaenea humu."

"Mzee, unatuuzia nusu," alisema Tiambun. "Mke wa Halomoan akae mbele za watu na ubao wa kukatia vitunguu? Watasema ukoo wetu umeishiwa."

Mzee alimgeukia Rumiris. "Kitakaa kanisani au kitatembea?"

"Kitatembea. Nakitaka kwa ajili ya misiba."

"Gari linafika?"

"Nyumba nyingine mpaka upande matuta ya mpunga kwa miguu."

"Kwani Halomoan hakuwa anabeba chake?" aliuliza Tiambun. "Hakulalamika hata siku moja."

Rumiris alivuta kigoda akakaa. Kwa miezi minane wifi yake alijua hivi: Halomoan alidondoka njiani akielekea msibani, moyo ulisimama, na kinanda kilikuja kuharibika baadaye kwa maji ya mvua. Hayo yote yalikuwa kweli, ila yalikuwa na shimo katikati.

"Alikuwa nacho mgongoni," alisema. "Vijana walitangulia, akakataa kuwasubiri. Mimi nilibeba kitabu na miguu ya kinanda. Tulipofika tuta la tatu akasema, 'Ngoja kidogo.' Akachuchumaa, na hakuinuka tena. Kinanda kikateleza topeni nikakiacha huko huko."

Mzee Poltak aliingia ndani, akajifanya anatafuta kitu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikileta kwa mapenzi, wifi. Kila asubuhi alikuwa anakipangusa kwa shati lake. Ningekuambiaje?"

Tiambun aliuondoa mkoba juu ya kinanda, akaushika kifuani. "Moyo wake ulikuwa mbovu tangu utotoni. Mama hakumruhusu hata kuchota maji. Mimi nilijua. Nilijua, na bado nikamletea mzigo."

"Na yeye alijua, akaubeba. Sikusema ili tugawane lawama. Nimesema ili usininunulie kingine kama kile."

Tiambun hakulia. Aliuliza tu, "Aliumia?"

"Hakutoa sauti."

Tiambun alikishika kile cha vibonyezo sitini na kimoja, akakiweka kwapani, akatembea nacho hadi mlangoni, akapita katikati ya magitaa, akarudi. Hakuwa hata anahema.

"Mzee," aliita, "hiki kinatumia betri? Huko kwao umeme unakatika."

"Kinatumia," Mzee alijibu kutoka ndani.

Rumiris alijifunza kila alfajiri kabla ya kwenda kwenye shamba lake la kahawa, kwa mke wa mchungaji, ambaye naye hakujua mengi. Baada ya miezi mitano alifariki mwalimu mstaafu wa kijiji cha juu. Tiambun alipanda basi kutoka Medan bila kuitwa. Yeye ndiye aliyebeba kinanda matutani, na kwenye tuta la tatu walisimama bila kuambiana, kisha wakaendelea.

Rumiris alipiga sauti ya kwanza peke yake, kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukiwa umelala magotini. Kwenye ubeti wa pili alipotea. Watu waliendelea kuimba. Aliwatafuta kibonyezo kwa kibonyezo, akawakuta ubeti wa tatu, na nyuma yake akamsikia wifi yake akiimba sauti ya pili bila kutetereka.

Ibada ilipokwisha, mzee mmoja wa kwaya alimsogelea. "Na huo mkono wa kushoto umeuacha nyumbani?"

"Unakuja mwakani," alisema Rumiris, akaanza kukifunika kinanda kwa kitambaa.