Mkate wa Kufundishia

Mwalimu Mkuu Mwambire alirudi kutoka Kilifi Jumatatu jioni juu ya lori la makaa. Suruali yake nyeupe ilikuwa imechafuka vibaya, lakini boflo la mkate alilokwenda kulinunua lilikuwa safi. Alikuwa amelizungushia gazeti, akalifunga tena kwa leso, akalipakata njia nzima mpaka shuleni kwake Ganze.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nne, na mvua ya masika ilikuwa imekataa kabisa. Mahindi yalifika magotini, yakakauka yamesimama. Watoto walikuja shuleni bila ya kutia kitu kinywani, na saa nne ikifika walimumunya mbegu za mabuyu mpaka midomo ikachubuka. Wengine walilala darasani, na walimu waliwaacha walale.

Mwalimu Mwikali ndiye aliyefundisha hesabu darasa la tano. Alikuwa Mkamba wa Kitui, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, na huo ulikuwa mwaka wake wa pili katika shule hiyo. Mwambire alimwita ofisini usiku haujaingia, akaufungua mzigo wake juu ya meza.

"Mkaguzi anakuja Ijumaa," alisema. "Safari hii hataki michoro ya ubaoni, anataka vifaa halisi. Zile hesabu zako za sehemu, nusu na robo na nini, utazifundisha kwa mkate huu."

"Mkate mzima, mzee?"

"Mzima. Wewe anza nao kesho, ili siku ya Ijumaa watoto wasibabaike."

Mwikali alifurahi kwa dhati. Somo la sehemu lilikuwa limemshinda kwa muda. Alikuwa akiwaandikia watoto nusu ujumlishe robo, nao wakijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wakimpa mbili juu ya sita. Akiwaambia wamekosa, walimtazama tu. Kwao zile zilikuwa tarakimu zilizopandana, wala hazikuwa nusu ya kitu chochote. Usiku ule alilala akipanga jinsi atakavyokata.

Jumanne asubuhi alipoliweka boflo juu ya meza ya darasa la tano, hakuna aliyelala. Hata wale wa nyuma walisimama.

"Kaeni," aliwaambia. "Tukimaliza somo, kila mtu atapata kipande. Kidogo, lakini atapata."

Akalikata katikati. Akazikata zile nusu mbili, zikawa robo nne. Akazipitisha wazishike wenyewe, wazipime mkononi, wazirudishe pamoja. Chumba kizima kilinuka ngano na hamira, na mwenyewe alisikia njaa.

"Robo na robo?"

"Nusu!"

"Nusu toa robo?"

"Robo!"

"Sasa nusu na robo. Msikimbilie. Tazameni."

Aliyeinua mkono alikuwa Kanze, msichana mwembamba aliyekaa karibu na dirisha, ambaye hakuwa amejibu swali tangu muhula uanze.

"Robo tatu, mwalimu."

"Kwa nini si mbili juu ya sita?"

"Kwa sababu hiyo nusu ni robo mbili, zimeshikana tu." Akaziinua. "Ukiongeza hii, ni tatu."

Mwikali alitaka kucheka kwa furaha. Ndipo Mwambire, aliyekuwa akisikiliza nje ya mlango, akaingia akipiga makofi. Aliwasifu watoto, akamsifu mwalimu wao, kisha akaanza kuzikusanya robo zile mikononi mwa watoto, moja baada ya nyingine.

"Mzee, niliwaahidi watakula," Mwikali alimwambia kwa sauti ya chini.

"Wale nini? Hiki si chakula, mwalimu. Hiki ni kifaa cha shule. Ijumaa utamwonyesha nini mkaguzi?"

Alitoa mfukoni uzi wa kushonea magunia, akalifunga boflo lile likarudi umbo lake, akatoka nalo. Hakuna mtoto aliyelalamika. Mmoja alikuwa akilamba kiganja chake polepole, akikigeuza na kukilamba tena. Mwikali alijigeuza, akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Jumatano somo lilirudiwa vilevile, na Alhamisi likarudiwa tena. Uzi ulifunguliwa, robo zikapita mikononi, maswali yakaulizwa, uzi ukafungwa. Boflo lilianza kuwa jeusi kwa uchafu wa vidole na kunuka uchachu, lakini watoto bado walilimezea mate. Mwikali alipendekeza afinyange mkate wa udongo, au akate vipande vya ukindu wa kusukia mikeka. Mwambire alisema udongo kila shule inao.

Ijumaa mkaguzi hakuja. Alituma habari kwamba gari lake liliharibika, angefika Jumanne.

Basi boflo likalala kabatini siku zote hizo, ndani ya ofisi yenye paa la bati. Jumatatu asubuhi Mwikali alipoingia kuchukua chaki, harufu ilimpokea mlangoni. Mwambire alikuwa ameketi mezani, mikono ya shati ameikunja, anakwangua ukungu kwa wembe. Ukungu wenyewe ulikuwa wa kijani, na sehemu nyingine wa kijivu wenye manyoya. Ulidondoka mezani kama magamba. Mende alitoka kwenye ufa wa mkate, akakimbia juu ya rejista, na Mwambire akamfagia kwa kiganja bila kukatiza kazi. Kando yake palikuwa na kikombe cha chai ya rangi. Alipomaliza kukwangua alichovya unyoya wa kuku kikombeni, akaanza kulipaka boflo lile ili lirudishe wekundu wake.

"Akiwa amekaa nyuma ya darasa hataona," alisema, akiliinua kulitazama. "Kumbe linapendeza."

Mwikali alifunika pua kwa mkono.

"Mzee, mimi kitu hicho sikigusi. Na watoto wangu hawakigusi."

"Utakigusa. Ripoti ya kazi yako haiandikwi na mkaguzi, inaandikwa na mimi." Alisema hivyo kwa upole kabisa, huku akipuliza chai ikauke. Kisha akaliweka boflo dirishani lipate jua.

Saa nane mchana alikuja darasa la tano mbio, ameshika boflo mkononi, uzi ukining'inia. Robo moja haikuwepo.

Haikuchukua muda kumjua aliyeichukua. Kanze alikuwa amejikunja kwenye dawati, paji la uso limelowa jasho, na kifuani mwa sare yake palikuwa na makombo. Mwambire alimshika mkono, akamsimamisha mbele ya wenzake. Mwikali alidhani atamchapa, akasogea awe kati yao. Lakini Mwambire alikuwa na jambo jingine. Aliziweka robo zilizobaki mezani, akazipanga vizuri.

"Haya, darasa," alisema. "Leo mwenzenu ametuletea hesabu. Mkate mmoja mzima, toa robo aliyoiba Kanze, inabaki ngapi?"

Watoto walimtazama Kanze.

"Inabaki ngapi?"

"Robo tatu," walijibu wachache, kwa sauti ya chini.

"Kwa nguvu! Na wewe Kanze, jibu. Wewe ndiye bingwa."

Kanze alifungua kinywa ajibu, akatapika. Alitapika kwa nguvu, mara ya kwanza na ya pili, maji ya manjano yenye mabonge ya mkate ambayo hayakuwa yametafunwa, na yalirukia viatu vya Mwambire. Mwalimu Mkuu aliruka nyuma akitukana. Alimwachia mtoto aanguke, akainama kupangusa viatu vyake kwa kifutio cha ubao.

Mwikali alimwinua Kanze, akamketisha. Kisha akazikusanya zile robo tatu, laini na zenye utelezi wa chai, akatoka nazo. Watoto walimtazama kupitia dirishani akivuka uwanja hadi chooni. Alizitumbukiza zote ndani ya shimo. Aliporudi mikono yake ilikuwa ikinuka, na maji ya kunawa hayakuwepo. Alijisugua kwa mchanga mpaka ngozi ikauma.

"Utalilipia," Mwambire alimwambia.

"Nitalilipia," alijibu Mwikali. "Ondoka darasani mwangu sasa."

Hakuwahi kusema na mkubwa wake namna hiyo, wala hakujua sauti ile ilitoka wapi.

Alimpeleka Kanze nyumbani yeye mwenyewe, mwendo mrefu katika jua, mtoto akisimama kila baada ya hatua chache kushika tumbo. Mama yake, Kache, alikuwa ameketi kizingitini akichambua mboga za mwitu. Aliinuka akampokea mtoto, akamlaza, akampa maji kidogo. Alisikiliza kisa chote bila kukatiza. Mwikali alitegemea atakasirika, naye alitaka akasirike.

"Kwa hiyo mwanangu ameiba mali ya serikali," Kache alisema mwishowe.

"Hapana, mama Kanze. Uchafu ule haukuwa mali ya mtu."

"Mwalimu, wewe ni mgeni. Utaondoka. Yule Mwambire ni wa hapahapa, na mimi nina watoto watatu pale."

Mwikali aliaga, akarudi shuleni.

Jumanne mkaguzi alifika, mwanamume mnene mwenye kitambaa cha kufutia jasho shingoni. Alikaa nyuma ya darasa la tano. Mwikali alikuwa amewapa watoto ukindu, kila mmoja utepe wake mrefu, na alikuwa akiwafundisha kuzidisha. Waliukunja katikati, wakaukunja tena.

"Nusu ya nusu," alisema. "Hiyo ndiyo nusu mara nusu. Fungueni mtazame. Kila kipande ni nini?"

"Robo."

"Lakini mwalimu," aliuliza msichana mmoja, "kuzidisha si kuongeza? Mbona kimekuwa kidogo?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyoulizwa mwaka ule. Mwikali alianza kueleza kwamba ukichukua kitu mara mbili unapata zaidi yake, lakini ukikichukua nusu ya mara moja huwezi hata kukifikia. Watoto walikuwa wakikunja na kukunjua, wakibishana wenyewe kwa wenyewe. Mkaguzi alipiga miayo, akaangalia saa, akanyanyuka kabla hawajafika mwisho. Mlangoni alimwambia Mwambire kwamba darasa lina upungufu wa vifaa.

Mchana walimu waliitwa ofisini kula na mgeni. Palikuwa na sima na kuku wa mchuzi wa nazi, na harufu yake ilitoka nje ikafika madarasani. Mwikali alinawa, akakaa. Alikuwa ameshika tonge mkononi aliposikia Mwambire akimweleza mkaguzi, huku akicheka, kwamba hata wazazi wa huku wana adabu. Kuna mama mmoja mtoto wake alikosa kidogo, na asubuhi mapema mama mwenyewe ameleta kuku kuomba radhi.

Mwikali aliliacha tonge sahanini.

"Mama Kanze?" aliuliza.

"Huyo huyo. Mtetea mzuri."

Aliitazama sahani, ngozi ya kuku iliyolegea katika mafuta, na vidole vya Mwambire vinavyong'aa. Alimgeukia mkaguzi, akamweleza yote taratibu: boflo, uzi, ukungu, wembe, chai, mtoto aliyesimamishwa huku amejaa sumu tumboni, na nyumba ile isiyokuwa na kitu isipokuwa kuku huyu aliyekuwa akiwatagia. Mwambire aliacha kutafuna. Walimu wengine waliinamia sahani zao.

Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho, paja la kuku likiwa limesimama njiani baina ya sahani na mdomo. Alilitazama. Ilionekana kana kwamba atalirudisha.

"Ni jambo la kusikitisha sana," alisema. "Lakini kuku ameshapikwa, mwalimu. Tukimwacha, ataharibika bure."

Akang'ata. Mafuta yalimtiririka kidevuni, akayapangusa kwa kile kitambaa cha jasho, akaomba aongezewe mchuzi.

Mwikali alitoka. Nyuma ya ofisi alijaribu kutapika, lakini hakuwa na kitu tumboni.

Jumamosi alikwenda Kilifi, akanunua mtetea, akapitiliza nao hadi kwa Kache. Kache alimpokea kuku, akampapasa chini ya manyoya.

"Anataga?"

"Nimeambiwa anataga."

"Na huyu ni wa kosa gani?"

"Si wa kosa, mama Kanze. Ni wako tu."

Kache alimfunga kuku mguu, akamfunga kwenye nguzo ya mlango. Hakushukuru, na Mwikali hakuona kwamba alistahili kushukuriwa. Kanze alikuwa ndani. Alisikika akikohoa, lakini alipoitwa hakutoka.

Kanze alirudi shuleni muhula wa tatu, mahindi ya msaada yalipoanza kugawiwa. Alikuwa amekonda zaidi. Hesabu zake za sehemu zilikuwa sahihi zote, kujumlisha, kutoa na kuzidisha, na Mwikali aliziwekea alama bila kumwita mbele. Hakuinua mkono tena mwaka ule. Wenzake walikuwa wamempa jina la utani, Robo, na Mwikali aliwachapa waliolitaja mbele yake, jambo ambalo halikuzuia kitu.

Mwezi wa Januari Mwikali alipewa uhamisho kwenda shule nyingine, huko Junju. Siku ya kuondoka Mwambire alimsindikiza mpaka barabarani, amevaa suruali yake nyeupe, akizungumza habari za mvua ya vuli na mtaala mpya unaokuja. Lori lilipokaribia alitabasamu, akamnyoshea mkono wa kwaheri.

Mwikali aliutazama mkono ule, kucha zake zilizokatwa vizuri na kusafishwa. Akashika mkoba wake kwa mikono miwili, akapanda.