Mishono ya Mkiani

Krii.

Kisha kimya. Kisha tena, kwa upole zaidi, kama mtu anayefungua kabati na hataki kusikika: krii.

Umeme ulikuwa umekatika ghafla jioni ile, na Mama Chiriku alikuwa bado ameweka mguu kwenye pedali ya cherehani, gauni la mteja likiwa nusu chini ya sindano. Hakuhitaji taa kujua sauti ile inatoka wapi. Ilitoka mezani sebuleni, kwenye mkia wa ndege ya kuchezea, na aliyekuwa akiuchezesha gizani ni baba mkwe wake, mwalimu mstaafu wa ufundi, mtu ambaye kifuniko cha sufuria kikikaa upande jikoni, yeye hukisikia akiwa barazani.

"Bado imeshupaa," mzee alisema. "Imeshupaa kama karani saa ya chakula. Chiriku, lete tochi."

Chiriku akaja na tochi. Mtoto huyu alipewa jina hilo la utani kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika, lakini tangu asubuhi alikuwa akijibu kwa kichwa tu.

Ndege yenyewe ilikuwa ya mbao nyepesi, urefu wa mkono wa mtu mzima, na iliruka ikiwa imefungwa nyaya mbili nyembamba za chuma. Mrushaji husimama katikati ya uwanja ameshika mshikio, ndege ikawa inamzunguka. Akiinua kiganja, waya mmoja huvutika, kibawa cha mkia hupinda juu, ndege hupanda. Akikishusha, ndege hushuka. Kibawa kikishupaa, ndege hutii kwa kuchelewa, na ardhi haiko mbali.

Babu alikuwa ameichonga pamoja na mjukuu wake likizo nzima, na ahadi ilikuwa moja: kesho uwanjani, mbele ya warushaji wengine, Chiriku ndiye atakayeshika mshikio, tangu kupaa hadi kutua. Mama Chiriku aliachiwa kazi moja tu, kushona bawaba. Kibawa kile kilishikiliwa na uzi, uliopita juu ya mbao hii na kutokea chini ya ile, ukipishana kama nambari nane. "Uuache ulegee kidogo," mzee alimwambia. "Kama unavyokiachia kifungo cha koti nafasi ya kupumua." Naye alishona hivyo hivyo, na kibawa kikacheza vizuri.

Kumbe shida ilikuwa njiani. Jana alasiri mteja alikuja kuchukua sketi yake, akaiona ndege, akainama, akacheka. "Shoga, hii nayo ni mishono yako? Basi ngoja sketi yangu niikague." Ulikuwa mzaha tu, na yule mwanamke akaenda zake. Lakini maneno yalimkaa Mama Chiriku moyoni. Akawaza watu wote watakaoizunguka ndege uwanjani, waulizane nani kashona, waambiwe ni yule fundi wa kona. Chiriku alipoingia kuoga, mama mtu alivuta nyuzi zote zikabana, kisha akazidondoshea gundi, ile nyepesi kama maji, zisije zikalegea tena. Zilipendeza kweli. Zilikaa kama upindo wa shati la harusi.

Asubuhi babu aligusa mkia, akamwita mjukuu wake. Umeiangusha? Si mimi. Umeikalia? Si mimi, babu.

"Basi imejikaza yenyewe usingizini," mzee alisema. "Kesho narusha mimi. Wewe utatazama."

Mama Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa begani. Neno moja lingetosha. Akaenda kuchemsha maji ya chai.

Na sasa alikuwa amesimama mlangoni tena.

"Kitu kikigoma usikilaumu chote," mzee alisema kwa ile sauti yake ya darasani. "Unatenga sehemu zake, moja moja. Mulika hapa."

Alianza kwenye ncha ya bawa, pale nyaya zinapotokea. Akavuta huu, akavuta ule, akisikiliza kama zinakwaruza matundu yake. Hapakuwa na kitu. Akahamia katikati ya bawa, kwenye kipande cha bati cha pembetatu kinachopokea nyaya hizo na kuupeleka mvuto nyuma kwa waya mnene. Akalegeza skrubu yake kidogo, akajaribu tena.

Krii.

Mama Chiriku alijikuta akiomba kosa lionekane hapo hapo, kwenye bati, kwenye skrubu, popote pasipo na uzi. Aliomba kwa bidii ambayo ilimtia haya. Kisha mdomo ukamtangulia.

"Labda ule waya mnene wa kwenda mkiani ndio umepinda, baba."

Ilitoka laini, sauti ya mtu anayesaidia.

"Umepindwa na mkono wa nani?" mzee akajibu bila kuinua kichwa. "Wenye mikono ya kushikashika humu ndani nawajua."

Mwanga wa tochi ukatikisika juu ya meza, kisha ukatulia. Asubuhi Mama Chiriku alikuwa amemwacha mwanawe apigwe na maneno. Sasa alikuwa ameyaokota, akampa babu ayarushe tena.

Mzee alichomoa ule waya mnene pale unaposhikana na mkia, akavuta nyaya za bawani. Bati likageuka, waya mnene ukaenda mbele na kurudi nyuma bila kukwama. Haukuwa umepinda popote. Kisha akaiinua ndege ikakaa sawasawa hewani, akakisukuma kibawa juu kwa kidole na kukiachia.

"Kikiwa kizima kinajiangukia chenyewe," alisema.

Hakikuanguka. Kilibaki juu, kama mkono wa mwanafunzi anayejua jibu na haitwi.

"Basi ugonjwa uko hapa." Akapitisha dole gumba juu ya mishono, polepole, akirudia. "Pagumu. Hii ni gundi." Akavua miwani. "Chiriku. Gundi umeitoa wapi?"

Chiriku hakumtazama babu wala mama yake. Aliitazama tochi. Mama Chiriku akauona uso ule na akauelewa: mtoto hakuwa anaogopa. Alikuwa amechoka kusema.

"Ni mimi, baba."

"Nini ni wewe?"

"Gundi. Na nyuzi nilizibana mimi, jana. Mteja aliicheka mishono, nikaona aibu. Nikasema uwanjani watanicheka wote."

Mzee aliiweka ndege mezani taratibu. Angefoka, ingekuwa nafuu.

"Nilipokuwa namkaripia mtoto asubuhi," alisema hatimaye, "wewe ulikuwa wapi, mama?"

"Hapa mlangoni."

"Ulinisikia."

"Nilisikia yote."

Mama Chiriku alileta wembe, sindano na uzi, akaketi, akaanza kufumua. Gundi ilikuwa imeingia hadi ndani ya mbao, na kila uzi ulitoka na vumbi lake. Chiriku alimulika bila kuambiwa. Mama alipotafuta tundu la sindano bila kuliona, mtoto akasogeza tochi karibu. Wema ule ulimuuma kuliko maneno ya mzee.

Alishona upya. Katikati ya mbao mbili aliweka kipande cha kadi ili pabaki mwanya, akapishanisha nyuzi, akaziacha zipumue. Zilionekana kama kazi ya mwanagenzi. Akafunga fundo, akachomoa kadi, akampa mzee ndege bila kumtazama machoni.

Kibawa kikaanguka chenyewe, bila sauti.

Mzee alirudisha waya mnene mahali pake, akasafisha miwani iliyokuwa safi tayari. "Na mimi nilihukumu kabla ya kupima," alisema, akiiambia meza zaidi kuliko wao. "Kazi ya aibu kwa mwalimu."

Mama Chiriku alipiga magoti mbele ya mwanawe. "Nilikuacha peke yako," alisema.

Chiriku aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama anayewapima. Kisha akaizima tochi, akaiweka mezani kando ya ndege, na gizani wakamsikia akisema waziwazi:

"Kesho nitarusha mimi."