Kamba na Komeo

Wageni walikuwa waje asubuhi hiyo, na shule nzima ilikuwa inaogeshwa kama maiti. Watoto walipita na makopo ya maji wakinyunyizia uwanja ili vumbi lisiruke. Wengine walijaza kokoto kwenye shimo la mlangoni, lile shimo lililovunja mguu wa mwenzao na likaachwa hivyo hivyo. Wakubwa walipanda juu ya meza kufuta utando wa buibui uliokuwa na umri kuwazidi.

Kwenye ngazi za ofisi, Mwalimu Kamba alikuwa akigawa fulana mpya za njano. Zilikuwa zimefungiwa kabatini kwa Mkuu wa shule tangu mradi uanze. Zingevaliwa leo, zifuliwe, zirudi kabatini.

Jina lake la kuzaliwa watoto walishalisahau. Walimwita Mwalimu Kamba kwa sababu ndiye aliyepelekwa kwenye mafunzo ya mradi wa michezo, akarudi na kamba ndefu za kuruka na gunia la mipira. Mradi ulikuja kwa sababu ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja kwenye mikutano: watoto wa shule ile walikuwa wakiumizana. Kengele ya mapumziko ikilia, wakubwa walivua mikanda, wadogo wakakimbilia chooni na kukaa humo na harufu mpaka kengele ya kurudi. Walikuwepo pia wale ambao hawakupiga wala kukimbia. Walikaa tu wakitazama ukuta, hawali, hawachezi, na walimu wakawaita wavivu.

Meno alikuwa wa pande zote mbili. Alikuwa binti mdogo mwembamba, yatima wa mama, anayelelewa na bibi yake mfua nguo za watu. Alikaa akitazama ukuta miezi mingi, mpaka siku moja mvulana mmoja alipomshindilia mchanga mdomoni, wenzake wakicheka. Meno alimng'ata mkono mpaka nyama ikaonekana. Mvulana yule, kwa bahati mbaya ya Meno, alikuwa mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya shule. Mchanga ulisahaulika siku hiyo hiyo. Meno ndiyo yakabaki kuwa jina.

Kamba ndiyo iliyomtoa ukutani. Mwalimu hakumlazimisha kuruka. Alimpa ncha moja tu ashike, azungushe, wenzake waruke. Mwenye kuzungusha ndiye mwenye kuhesabu, na asipohesabu mchezo unasimama, basi siku moja Meno akafungua mdomo akahesabu. Tangu hapo hakung'ata mtu. Bibi yake alikuja shuleni kushukuru, mikono imekunjamana kwa sabuni, akasema, "Mwalimu, mjukuu wangu alikuwa haongei hata na kuku. Siku hizi ananihesabia usingizini, silali."

Walikuwa na desturi yao. Kabla ya mchezo wowote, kila mtoto alishika kamba na kusema, "Sivunji." Maana yake hakuna kuondoka katikati, hakuna kudanganya, hakuna kumwacha mwenzako. Mwalimu Kamba ndiye aliyeianzisha, na aliipenda kuliko kitu chochote alichowahi kufundisha.

"Mwalimu, hebu mara moja," Mkuu aliita kutoka ofisini.

Alikuwa amevaa suti yake ya harusi na mazishi. Alimwonyesha kiti, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Yule mng'ataji wako yuko wapi?"

"Nani, Mkuu?" Alijua ni nani.

"Usinichezee. Leo sitaki kumwona uwanjani."

"Mkuu, hajang'ata mtu tangu muhula uliopita. Ndiye anayezungusha kamba. Kama wanataka kuona mradi umefanya kazi, ni yeye."

"Wewe unaona hivyo kwa kuwa unamjua. Mgeni ataona mtoto aliyetafuna sweta mpaka kwenye kiwiko. Ataulizwa swali, atanyamaza. Au atalia. Watu wametoka huko kote kuja kuona watoto wenye furaha, sisi ni nani tuwanyime?"

"Lakini mradi ni wa watoto kama yeye."

"Ndiyo hasa. Mradi ukikatwa, yeye atachezea nini? Nakusaidia umsaidie." Mkuu alijimiminia chai, taratibu, wala hakuwa na hasira. "Tunafunika kombe tu, mwanaharamu apite. Kesho anarudi kwenye kamba yake."

Mwalimu alianza kuinuka.

"Halafu lile jambo lako la ajira," Mkuu aliendelea, akikoroga. "Imetoka nafasi moja. Nimeulizwa nani anafaa. Bado sijajibu."

Sisi tuliokaa vizuri ni rahisi kusema angekataa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwalimu Kamba alikuwa akijitolea shuleni pale miaka nenda rudi, akisubiri ajira, akilala chumba kimoja na mdogo wake fundi cherehani aliyemlisha na kumtania: "Dada, wewe utajitolea mpaka ujitolee na roho." Walicheka wote wawili kila mara, na kila mara dada mtu alimaliza kucheka mapema.

"Nyumbani kwao hakuna mtu," alisema mwishowe. "Bibi yake anatoka na ufunguo alfajiri."

"Stoo ipo," Mkuu alisema.

Alimkuta Meno nyuma ya madarasa, ameshaikunjua kamba na kuilaza chini iwe sawa. Alikuwa amechana nywele. Alimtazama mwalimu, kisha akatazama fulana ya njano mkononi mwake, ya mwisho, akiisubiri.

Mwalimu alikuwa amejiandalia maneno njiani. Alitaka kusema ukweli, au sehemu ya ukweli. Ulimi ukaokota kilicho karibu.

"Leo tunacheza mchezo mwingine," alisema. "Wa kujificha. Wewe unajificha stoo, mimi nakuja kukutafuta."

"Na wengine?"

"Nao wanajificha. Kila mtu na mahali pake."

Meno alifikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri. Kisha akaokota ncha ya kamba akamnyooshea.

"Shika."

Mwalimu alishika.

"Sema."

"Sivunji," alisema Mwalimu Kamba, na sauti ilimtoka vizuri kabisa, wala haikukwama. Jambo hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye kuliko mengine yote.

Stoo ilikuwa na madawati mabovu, mafagio, masufuria ya shule na kidirisha cha nondo juu karibu na dari. Meno alijipenyeza nyuma ya madawati mpaka hakuonekana. Mwalimu alirudisha mlango na kusukuma komeo kwa nje, polepole, lisilie. Aliondoka na ile fulana ya njano kwapani, hajui aiweke wapi.

Wageni walikuja wamechelewa, kama ilivyo ada ya wageni wa heshima. Mkuu aliwakaribisha kwa kusema mgeni njoo, mwenyeji apone, wakapiga makofi. Watoto wa njano waliruka kamba. Aliyeizungusha alikuwa mtoto wa mwenyekiti wa kamati, mkono wake na lile kovu, akiizungusha ovyo na kuhesabu kwa kelele. Mgeni mkubwa, mama mmoja mwenye miwani na uso wa upole, alivua viatu akaruka naye, na watoto wakacheka kicheko cha kweli. Hilo nalo lisifichwe. Furaha ya siku ile haikuwa ya kuigiza yote.

Kisha wakakaa kwenye viti vilivyopangwa kivulini, kunywa soda. Kivuli kilikuwa cha ukuta wa stoo. Mwalimu Kamba hakuwa amelifikiria hilo.

"Niambieni," mama wa miwani aliuliza, "wale waliokuwa na hali mbaya zaidi, wale wa kupigana, wale wa huzuni, wako wapi?"

"Ndio hawa," Mkuu alijibu, akionyesha uwanja mzima kwa chupa. "Huwezi kuwatambua tena."

"Ajabu." Mama aligeuka. "Na wewe mwalimu, kwenye mafunzo ya marudio ulituhadithia habari za binti mmoja aliyekuwa hasemi, akaanza kuhesabu. Nimewasimulia watu wengi hadithi ile. Nilitamani sana nimwone."

Kidirisha cha stoo kilikuwa juu ya kichwa chake. Mwalimu alimtazama Mkuu. Mkuu alikuwa akifuta mdomo wa chupa kwa kitambaa, kana kwamba swali halimhusu.

"Anaumwa," alisema Mwalimu Kamba. "Leo hakuja."

"Maskini. Mpe salamu zetu."

"Zimefika."

Hotuba zikafuata. Mwenyekiti wa kamati alihutubia, naibu wake akahutubia kueleza alichokisema mwenyekiti. Zikapigwa picha. Kila mara Mwalimu Kamba alipoinuka kidogo, Mkuu alimwita: mwalimu lete viti, mwalimu simama hapa kwenye picha, mwalimu cheka. Alicheka. Picha ipo mpaka leo ukutani ofisini, na ukiitazama huoni kitu, ni mwanamke anacheka.

Magari yalipoondoka, jua lilikuwa limekwisha nguvu. Alikimbia. Aliona aibu ya kukimbia sasa hivi, baada ya kutembea siku nzima.

Ndani kulikuwa kimya. Kwa dakika moja alidhani mtoto ametoroka, na moyo wake, Mungu amsamehe, ulifurahi. Kisha akasikia pumzi nyuma ya madawati. Meno alikuwa amechuchumaa pale pale, magoti kidevuni, sweta mdomoni. Sketi ilikuwa imelowa, na sakafu. Hakuwa amegonga mlango wala kuita. Alikuwa ameshika kamba, na anayetoka kabla ya kuonwa ameshindwa.

"Nimekuona," mwalimu alisema, akijaribu kutabasamu. "Umeshinda, mwanangu. Umewashinda wote."

Meno alitoa sweta mdomoni.

"Mwalimu, mimi naumwa nini?"

Mwalimu alivua khanga mabegani. Alijua nyimbo za kuchezea, alijua jinsi ya kuamulia watoto wanaopigana bila kupaza sauti, alijua njia za kumfanya mtoto aseme. Hili hakulijua. Alimfunga khanga kiunoni kuficha sketi na kumsindikiza mpaka njia panda, na njiani mtoto alitembea upande wa pili wa barabara.

Baada ya siku chache bibi alipita getini na furushi la nguo kichwani. Mwalimu alimwahi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Huyu mjukuu wangu mmemfanya nini huko? Hahesabu tena. Ananiambia anaumwa. Nikimwuliza wapi, ananitazama tu."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Bibi alisimama, furushi limetulia kichwani, macho yamemtulia mwalimu, tayari kuamini chochote.

"Labda ni uchovu, bibi," alisema Mwalimu Kamba. "Atapona."

"Haya. Wewe ndiye unayemjua," bibi alisema, akaenda zake.

Sifa za shule zilifika mbali. Mradi ulipimwa ukaonekana umefaulu mno, na kwa kuwa umefaulu, ukahamishiwa shule nyingine yenye shida. Huwezi kuendelea kumpa dawa mtu aliyepona, waliandika hivyo. Kamba na mipira vilibaki kuwa mali ya shule, kwa hiyo Mkuu alivifungia kabatini pamoja na fulana, visichakae kabla ya wageni wengine. Jibu la ajira nalo lilikuja. Mdogo wake alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka, akasema sasa roho ya dada imesalimika. Dada mtu aliomba maji ya kunywa, akaenda kukaa nje.

Mikanda ilirudi uwanjani wiki ile ile.

Halafu, siku moja wakati wa mapumziko, Mwalimu Kamba aliona kundi la watoto mbele ya stoo. Walikuwa wakicheza, na moyo wake ulichanua. Wamebuni wenyewe, alijiambia. Bila kamba, bila mimi. Alisogea.

Meno alisimama katikati, mgongo umenyooka, akiwapitia mmoja mmoja kwa kidole.

"Wewe, kacheke. Wewe, karuke. Wewe simama kwenye picha." Kidole kikafika kwa katoto ka darasa la kwanza kenye kamasi na shati lisilo na vifungo. "Wewe, ingia."

"Sitaki," katoto kalisema. "Humo giza."

Meno aliinama. Alikashika shavu kwa upole, akakainamishia kichwa upande, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtoto. Mwalimu aliitambua kama mtu anavyotambua nguo yake kwenye kamba ya jirani.

"Ni mchezo tu. Mimi nakuja kukutafuta. Shika hapa, sema sivunji."

Katoto kalishika komeo, maana kamba haikuwepo. "Sivunji." Kakaingia. Meno akarudisha mlango na kusukuma chuma polepole, kisilie. Kisha wenzake wote wakageuka wakaanza kucheka na kupiga makofi, kwa zamu, kama walivyojifunza. Ndani kilio kikaanza, chembamba.

Dirisha la ofisi lilifunguka. Mkuu alichungulia, kikombe mkononi, uso umemkunjuka.

"Unawaona, mwalimu? Wanacheza bila hata mpira. Kazi yako hiyo."

Mwalimu alikwenda mlangoni na kunyoosha mkono. Mkono mdogo ukatangulia kulifunika komeo. Meno hakuwa na hasira. Alimtazama kwa subira, kama mtu anayemweleza mgeni taratibu za nyumba.

"Usifungue, mwalimu," alisema. "Wageni hawajaondoka."