Wezi wa Tope la Buger

Kati ya vitu vyote ambavyo binadamu anaweza kuvifungia kufuli, bosi Modest alichagua tope.

Machimbo yake ya moramu, udongo wa kutengenezea barabara, yako juu ya kijiji cha Buger. Mvua ikinyesha, maji hutoka shimoni mazito kama uji, hupita mitaroni hadi bwawani, tope likazama humo, na maji safi yakateremka kwenye kijito ambako kijiji kizima huchota. Msimamizi wa bwawa ni Blandina, mwenye diploma yake ya mazingira. Miaka mitatu alisifiwa kwa bwawa lisilojaa. Kumbe sifa zilikuwa za akina mama wa Buger, waliokuja kila wiki na makarai kuzoa tope hilo laini la kukandikia nyumba.

Modest alipogundua, alipandwa na mori. Kampuni inaibiwa! Akaweka uzio, kufuli, na mlinzi aitwaye Wilson. Wa kwanza kukamatwa alikuwa Marsela, mama mdogo wa Blandina, aliyekaguliwa getini hadi ndani ya kilemba. Blandina alisimama pale pale na daftari lake, asifungue kinywa.

Sasa ilikuwa Machi, mawingu yametanda, na bwawa limejaa tope hadi ukingoni. Mvua moja tu, uchafu wote ungemiminika kijitoni. Mashine ya kuchimba ilikuwa mbovu, spea bado iko Arusha. Blandina alienda kwa Marsela kuomba wezi warudi.

"Mwanangu, sisi wezi tumeshaokoka," alisema Marsela bila hata kumpa kigoda. "Unataka turudi dhambini?"

"Nilikosea, mama mdogo. Niliona haya kusema wewe ni wangu."

Marsela akatoa sharti: karai la kwanza alitoe bosi mwenyewe, kichwani, na akaguliwe.

Modest alipoambiwa alifoka, akatazama mawingu, akavua viatu vyake vilivyochongoka. Alifika getini tope likimchuruzika masikioni, na Wilson, ambaye agizo kwake ni agizo, akamsimamisha.

"Shusha, bosi. Na mifukoni una nini?"

Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Halafu wakaingia na majembe, wanawake arobaini, siku mbili mfululizo, wakabeba mpaka sakafu ya bwawa ikaonekana.

Siku ya tatu mvua ilimwagika kutwa nzima. Blandina alishinda penye bomba la kutolea maji, amelowa chapachapa, akijaza chupa za kupimia.

Kesho yake alimkuta Marsela kando ya kijito pamoja na wenzake. Marsela alichota kikombe, akamnyooshea.

"Tangulia wewe."

Vipimo vilikuwa vizuri, lakini vipimo havina tumbo. Blandina alikunywa kikombe chote. Marsela alikipokea, akachota tena bila kukisuuza, naye akanywa.