Pasi ya Nuremberg

Penye nia hapana njia, pana karani. Wangare alilijua hilo tangu Hali ya Hatari itangazwe. Kwa hiyo asubuhi moja ya Desemba 1954 alifika kwenye afisi ya pasi kabla ya jua kuchomoza, akaketi chini kwenye foleni, na kupakata kitambaa alichofungia mayai sita ya kuchemsha. Mayai yalikuwa ya kumpelekea mama yake. Mama yake, Wangeci, alikuwa mgonjwa wa kifua huko Nakuru, katika chumba cha Mastura, mwanamke Mwislamu aliyeuza mahamri mtaa wa Bondeni. Kutoka shamba la pareto alikopika Wangare, karibu na Elmenteita, mpaka Bondeni ni maili ishirini. Alikuwa ameomba pasi mara nne.

"Nakuru," alimwambia karani zamu yake ilipofika.

Karani aliitwa Kimaiyo. Alifungua kitabu cha miji iliyokatazwa kwa watu wa kabila la Wangare, akateremsha kidole. "Nairobi, Naivasha, Nakuru. Hii hapa. Mama, si nilikuambia wiki jana? Ama ulidhani itahama?"

"Mama yangu anakufa, karani."

"Pole. Taja mahali pengine."

Wangare alifikiri. Jikoni kwa bibi wa shamba palikuwa na mkebe wa biskuti wenye picha ya mji: ngome juu ya mwamba, mapaa mekundu yenye ncha, soko la Krismasi. Jina lake liliandikwa kwenye kifuniko, na Wangare alikuwa amekisugua kifuniko hicho miaka sita.

"Nuremberg," alisema.

Kimaiyo akateremsha tena kidole. Narok. Njoro. Nyeri. Nuremberg haikuwemo.

"Siku ngapi?"

"Moja."

Akagonga muhuri.

Watu waliokuwa nyuma yake walimwonea wivu kidogo. Mmoja alimuuliza kama kuna baridi huko, akajibu kwamba hajui.

Alishika njia ya Kariandusi, kwenye machimbo ya udongo mweupe. Wachimbaji walikuwa weupe tangu nywele hadi kucha, na walikunywa chai nyeupe ya vumbi. Nyapara aliisoma pasi polepole.

"Nuremberg ni shimo la tatu. Inamisha kichwa, dari iko chini."

"Na la pili linaenda wapi?"

"Hilo bado halijafika mahali."

Alitembea ndani ya mwamba mweupe kwa muda wa kumaliza kukaanga sufuria ya vitunguu, na alipotokea upande wa pili weupe uliendelea, ila sasa ulikuwa baridi na ulianguka kutoka juu. Alifunga leso yake vizuri. Mbele yake kulikuwa na ukuta wa mji, na lango lake lilikuwa wazi.

Alimwendea askari wa kwanza aliyemwona, akamnyoshea pasi kwa mikono miwili. Askari aliigeuza juu chini, akamrudishia, akapiga saluti. Wangare akamfuata wa pili, naye akafanya hivyo hivyo. Baada ya askari wa nne aliitia pasi kifuani, akabaki hajui mikono aiweke wapi.

Mji ulikuwa mzuri kama mkebe, lakini waliochora mkebe walikuwa wameuchora kabla ya vita. Baadhi ya mitaa ilikuwa mipya na ilinukia chokaa. Mingine ilikuwa kuta tupu zilizoungua, madirisha yakitazama mbingu. Wangare aliwahi kuona nyumba zilizochomwa, kwa hiyo hapo hakukaa sana. Sokoni vibanda vilikuwa vimefunikwa vitambaa vyenye mistari myekundu na myeupe. Watoto waliimba. Mwanamke mmoja alichoma soseji nyembamba kama kidole na kuzitia tatu tatu ndani ya mkate. Wangare alimpa mayai mawili, naye akampa mkate. Mwanamke alisema Kijerumani, Wangare akajibu Kigikuyu, na hakuna aliyepata shida.

"Kula ikiwa moto, dada. Uko na nani?"

"Peke yangu."

"Basi nikuongezee haradali."

Saa sita kamili, wafalme wadogo wa chuma walitoka katika saa ya kanisa, wakamzunguka mkubwa wao mara tatu. Watu wote waligusana mabega na kuonyeshana kwa vidole. Wangare naye alinyosha kidole, halafu akakishusha, kwani hapakuwa na wa kumwonyesha.

Alipanda ngomeni kwa sababu wote walipanda. Ndani kulikuwa na kisima kirefu kilichochongwa katika mwamba. Mzee mwenye koti lililofumuka viwikoni alimimina maji kidogo, na wageni wakahesabu kwa sauti. Walifika tano ndipo maji yakalia chini. Wageni wakapiga makofi, wakatoka. Wangare hakutoka, maana baada ya maji alikuwa amesikia kikohozi.

"Mimina tena, mzee wangu."

Mzee akamimina.

"Wangare amefika?" aliuliza Wangeci, chini kabisa.

"Yuko njiani, bibi," sauti ya Mastura ilijibu. "Kunywa uji."

"Mwaka jana pia alikuwa njiani. Njia gani hiyo isiyochoka?"

Wangare aliinamia kisima, akamwita mama yake, "Maitu! Niko hapa!" Sauti yake haikuteremka. Ilizunguka chumbani na kumrudia.

"Kinapandisha tu, hakiteremshi," mzee alimweleza. "Wengi wamejaribu tangu vita. Mimi nina kaka yangu humo. Kila asubuhi ananiuliza kama nimefunga mlango."

"Nawe unamjibu?"

"Namjibu. Mlango wenyewe haupo, lakini namwambia nimefunga."

Alimletea kigoda. Wangare alikaa kando ya kisima na kitambaa chake cha mayai manne, akamsikiliza mama yake akilalamika kwamba uji hauna chumvi. Kisha kikohozi kikawa kifupi. Kisha Mastura akasema, "Inna lillahi," na ikasikika khanga ikikung'utwa na kutandazwa. Mzee alimimina maji mara mbili zaidi bila kuombwa. Yalilia tu kama maji.

Wangare alirudi kwa shimo la tatu kabla muda wa pasi haujaisha.

Kesho yake alikwenda kutoa ripoti. Kila mwenye pasi alitakiwa kueleza alikokwenda, alichokiona na alichokisikia. Kimaiyo aliandika soseji, wafalme, ngome. Alipofika kwenye kikohozi, kalamu ilisimama.

"Kikohozi hiki ni cha wapi?"

"Cha Nakuru."

"Nakuru hukupewa, mama."

"Sikwenda."

"Lakini ulisikia. Masikio yako yalikuwa Nakuru bila pasi." Aliingia chumba cha ndani, akakaa na bwana mkubwa muda mrefu, akatoka. Alifungua kitabu na, baina ya Njoro na Nyeri, akaandika Nuremberg kwa mwandiko mzuri. Halafu akainamisha kichwa karibu naye.

"Nisikilize. Bwana si mbaya leo. Walishamzika mama yako?"

"Mastura na jirani zake, leo asubuhi. Dereva wa gari la maziwa atokaye huko ameniambia."

"Basi sema umekosa. Neno moja tu, niliandike hapa chini. Mwezi wa pili tutafikiria uende ukaone kaburi, hata saa mbili. Usiposema, faili lako halitafunguliwa tena. Mama, neno halina uzito."

Wangare aliitazama karatasi.

"Kama halina uzito, usilitafute kwangu," alisema. "Andika hivi: mama yangu alikuwa akiniita, nami nilimsikia. Siombi radhi."